Anayehama Kituo Haondoki na Jalada

Kuna kauli inayorudiwa sana kwenye ofisi za halmashauri zetu, hadi imeanza kusikika kama kifungu cha sheria: mtumishi akihama au akistaafu, akaunti yake ya barua pepe ifutwe mara moja, pamoja na barua zake za zamani zilizowekwa kwenye hifadhi, ili seva ipumue na wadukuzi wakose pa kuingilia. Afisa TEHAMA anaisema kwa uhakika. Mkurugenzi anaikubali kwa sababu imetoka kwa mtaalamu. Mkuu wa idara anaikubali kwa sababu hataki kuulizwa maswali. Mtumishi mwenyewe ndiye anayeikubali kwa furaha kuliko wote, maana humo ndani kuna maneno ambayo asingependa mrithi wake ayasome. Wamekubaliana wote, na wamekosea wote.

Nachukua Handeni na Korogwe kwa makusudi. Hizi ni wilaya jirani za Mkoa wa Tanga ambamo mambo ya ofisi huishi muda mrefu kuliko watumishi wanaoyashughulikia. Maji ya Handeni yanavutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mradi wa miaka ya 1970 ambao wenyeji mpaka leo wanauita HTM. Sasa miji yote miwili, pamoja na Muheza na Pangani, imo kwenye mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilitiwa saini Juni 2022. Mwezi huohuo familia za kwanza kutoka Ngorongoro zikaanza kuhamia Msomera, Handeni, kwa ahadi ya nyumba na shamba la ekari 5, na malalamiko ya ardhi yakasikika kutoka kwa waliohamia na kutoka kwa waliokutwa pale. Bomba, fidia, mpaka wa kijiji: hakuna hata kimoja kinachomalizika ndani ya utumishi wa mtu mmoja. Mhandisi atahamishiwa Songea. Mthamini atapanda cheo aende Dodoma. Afisa ardhi atastaafu arudi kwao Kilosa. Mwananchi ambaye mtaro umekatiza shambani kwake atabaki palepale.

Na huyo anayebaki ana haki yenye muda wake. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la kurudishiwa ardhi linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12, na dai la mkataba ndani ya miaka 6. Sasa tazama muda wa mitambo. Kwenye huduma ya Google ya maofisini, mtumiaji aliyefutwa anaweza kurudishwa ndani ya siku 20. Kwenye Microsoft 365 ni siku 30. Zikipita hizo, hakuna kubembeleza. Sheria imempa mwananchi miaka 12 ya kudai; barua pepe ambayo ingeonyesha nani aliahidi nini, lini, na kwa mamlaka gani, imepewa siku 30 na kijana mmoja aliyekuwa anapambana na diski iliyojaa.

Simlaumu kijana huyo. Ameachiwa kazi isiyo yake. Barua pepe zina wakati wa kufutwa, na zifutwe, lakini anayeamua leo hana mamlaka ya kuamua, na kipimo anachotumia, yaani nafasi iliyobaki kwenye diski, hakipimi chochote kinachohusu thamani ya barua.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, haikuishia kwenye karatasi. Kwa sheria ile, kumbukumbu ni taarifa iliyorekodiwa, kwa umbo lolote lile, na taasisi au mtu katika kutekeleza shughuli za kazi. Barua pepe ya mhandisi kwa mkandarasi imo. Jibu la mkandarasi limo. Kuteketeza vitu hivyo kunafuata mwongozo ulioidhinishwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kila aliyewahi kufanya kazi masjala anaufahamu. Ingia masjala ya halmashauri yoyote uone. Majalada yamepangwa kwa namba, kila karatasi ndani yake ina namba ya folio, na lipo daftari linaloonyesha jalada limetoka lini na liko kwa nani. Hata mhudumu aliyeajiriwa juzi anajua kwamba huwezi kuchomoa folio ya 14 ukaichana kwa sababu kabati limejaa. Akifanya hivyo ataandikiwa barua ya kujieleza kabla ya saa sita mchana. Mlango wa tatu kutoka hapo, kwenye chumba chenye kiyoyozi, maelfu ya barua zinazohusu mambo yaleyale zinafutwa kwa mibofyo miwili, na hakuna anayeandika popote kwamba zilikuwepo. Mara nyingi ni barua ileile: folio ya 14 ni chapisho la kiambatanisho chake, na majadiliano yote yaliyozaa kiambatanisho hicho yamekwenda na maji.

Ukitaka kuona tatizo lilivyo, soma hati ya makabidhiano ya ofisi. Kompyuta ya mezani, moja. Kipanya. Printa, inahitaji wino. Mhuri. Funguo za kabati, mbili. Kisha orodha ya majalada kwa namba zake, na saini za anayekabidhi, anayekabidhiwa na shahidi. Stepla imeandikwa. Barua pepe haimo. Na mambo hayaishii hapo, kwa sababu barua za zamani kabisa aghalabu haziko hata kwenye seva. Miaka kadhaa nyuma sanduku lilipokuwa linajaa, mtu wa TEHAMA alizihamishia kwenye faili la PST ndani ya kompyuta ya mtumishi, akamwambia, “Ziko salama, usiwe na wasiwasi.” Ziko kwenye diski C. Siku ya kuhama, kompyuta inafomatiwa ili mrithi aanze upya, na hapo ndipo kumbukumbu za miaka mingi zinapofia, bila mtu yeyote kukusudia kufuta chochote. Nimeona ofisi ikimpigia simu mstaafu aliyeko shamba kumuuliza kama ana nakala nyumbani. Alikuwa nayo. Kwenye flashi, pamoja na nyimbo za kwaya.

Watetezi wa kufuta wana hoja zao, na si za kubezwa zote.

Ya kwanza ni nafasi. Seva imejaa kweli, lakini imejazwa na nini? Fungua sanduku lolote la mtumishi upange barua kwa ukubwa. Juu kabisa utakuta video ya mapokezi ya Mwenge, picha za kikao cha kuagana, na taarifa ya robo mwaka iliyoskaniwa kurasa 80 kwa rangi na kutumwa kwa wakuu wote wa idara, kila mmoja akaituma tena kwa wasaidizi wake. Barua yenye maneno matupu inakula kilobaiti chache tu. Ukiondoa video na nakala zinazojirudia, mzigo mkubwa umeondoka na hakuna jambo la serikali lililopotea. Anayefuta sanduku zima kwa hoja ya nafasi hajawahi kulipanga kwa ukubwa.

Ya pili ni kwamba hakuna anayeuliza barua za zamani. Korogwe, kati ya sehemu zote, haipaswi kuamini hilo. Hapa ndipo palipokuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika kati ya 2009 na 2014. Kwa Tanzania kituo kingine kilikuwa Bagamoyo. Majaribio yalipokwisha, kumbukumbu zake hazikulala. Wataalamu walizirudia, wakaona dalili za kiusalama zilizohitaji majibu, zikiwamo za homa ya uti wa mgongo na vifo vya watoto wa kike, na chanjo ikapelekwa kwanza kwa utekelezaji wa majaribio Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019 kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2021. Mtu angekuwa amesema mwaka 2014 kwamba kazi imekwisha na takwimu zifutwe ili seva ipumue, maswali hayo yangejibiwa kwa kutumia nini? Kumbukumbu haiulizwi mpaka siku inapoulizwa, na siku hiyo haitangazwi mapema. Mkaguzi wa CAG naye hatoi taarifa ya mwaka gani atauchimbua.

Ya tatu wanaisema kwa kujiamini: “Zile muhimu nimeshazichapa.” Hoja hii ilishafika mahakamani, mbali na hapa, ikaanguka. Novemba 1986, maafisa wawili wa Ikulu ya Marekani, John Poindexter na Oliver North, walifuta maelfu ya ujumbe wa kielektroniki kuhusu silaha zilizouzwa Iran na fedha zilizopelekwa kwa waasi wa Nikaragua. Hawakujua kwamba mfumo ulikuwa unatunza nakala rudufu kwenye tepu, na tepu hizo ndizo zilizowaumbua. Baadaye serikali ilipotaka kusafisha mfumo mzima, ikijitetea kwamba ya maana yalikwisha chapwa, mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa mwaka 1993 katika kesi ya Armstrong. Karatasi iliyochapwa, ilisema, haina kila kilichomo kwenye barua ya kielektroniki: haionyeshi daima nani hasa aliipokea na saa ngapi. Mtu wa ardhi Handeni anaelewa hilo bila kufundishwa. Kwenye mgogoro wa fidia, kilichoandikwa ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kama mthamini aliipata barua kabla ya kusaini jedwali au baada.

Wapo pia wanaotegemea bakapu kama wagonjwa wanavyotegemea maombi. Bakapu ipo, wanasema. Waulize mara ya mwisho waliirudisha lini wakaifungua barua moja wakaisoma. Utasikia kimya.

Hoja nzito ni ya usalama, na hii naiheshimu. Akaunti ya mtu aliyeondoka, yenye neno la siri lilelile la miaka minne, ni hatari ya kweli. Mdukuzi akiiingia ataandika kwa jina la ofisi, ataomba malipo yabadilishiwe akaunti, na mhasibu atamwamini kwa sababu anwani ni ya serikali. Ila hapa wataalamu wetu wanachanganya vitu viwili. Kuzuia mtu asiingie ni jambo moja, kuangamiza kilichomo ni jambo jingine. Kufuli likiharibika unabadilisha kufuli, huichomi nyumba. Mfumo wowote wa barua pepe wa maofisini unaruhusu akaunti kufungwa siku ileile mtumishi anapoondoka: neno la siri linabadilishwa, simu yake inatolewa kwenye mfumo, barua zilizoelekezwa kwenda Gmail yake zinakatwa, barua mpya zinapelekwa kwa mrithi. Sanduku linabaki limefungwa, halitumi wala halipokei. Hatari imekwisha saa hiyohiyo na hakuna barua hata moja iliyofutwa. Anayesema lazima afute ili awe salama hajamaliza kusoma menyu ya mfumo wake.

Kisha faragha. Ndani ya sanduku la mtumishi mna mambo yake: majibu ya vipimo vya mtoto, mkopo wa SACCOS, ugomvi na shemeji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa binafsi zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa shughuli iliyozikusanya. Sawa. Lakini wanaoishika sheria hii kama panga la kufyekea sanduku zima wameisoma nusu, maana taarifa ya kazi ya umma ina muda wake uliowekwa na sheria nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, kwa mfano, inataka nyaraka za kodi zitunzwe miaka 5. Dawa ya faragha ni kumpa mtumishi nafasi, kabla hajaondoka, aketi na mtu wa kumbukumbu, atoe vya kwake, aache vya ofisi. Kazi ya asubuhi moja. Tunamruhusu kuchukua kikombe chake cha chai na picha ya familia mezani. Hatumruhusu kubeba jalada.

Kuna swali ambalo watetezi wa kufuta hawalipendi: nani hunufaika kumbukumbu zikipotea? Historia yetu ina jibu. Mei 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alielekeza kwamba zisikabidhiwe kwa serikali mpya nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Malkia, wala zile ambazo zingewaumbua polisi, askari, watumishi na watoa habari wao. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa kwenda Uingereza kimyakimya. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau dhidi ya serikali hiyo ilipokuwa ikiendelea London, ndipo ikabainika kwamba majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Fedha hiyo ililipwa kwa sababu karatasi zilionekana. Hao waliotawala kwa masjala walijua vizuri kabisa thamani ya masjala.

Simwiti mtu wa TEHAMA wa Korogwe mkoloni. Nasema tendo lake lina matokeo yaleyale, na tofauti ni kwamba yeye hana nia. Mzembe na mwovu wakifuta, anayekuja kutafuta anakuta utupu uleule. Na mwovu anaupenda sana utaratibu huu, kwa sababu unamfichia kazi yake bila yeye kuomba: anahama kituo, na mfumo unamsafishia njia kwa jina la usalama.

Tena tuna deni kwa watakaotuandika. James Giblin alipoandika historia ya mazingira na siasa za Handeni, iliyochapwa mwaka 1992 na kugusa karne nzima kuanzia 1840, alikaa na wazee wa Uzigua, lakini pia aliketi na majalada ya watawala wa wilaya. Kumbukumbu za Kijerumani zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa Sheria ya 2002, nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Barua za mwaka 2022 kuhusu Msomera zingefunguliwa 2052. Ikiwa zipo.

Basi zifutwe vipi? Maana zitafutwa, na siwaungi mkono wale wa upande wa pili wanaosema diski ni rahisi, tuweke kila kitu milele. Hao nao ni wavivu wa aina nyingine. Sanduku lisilochujwa ni dampo. Humo mkaguzi hapati kitu, na siku likidukuliwa vinavuja pamoja vya ofisi na vya nyumbani. Kuweka kila kitu ni kukataa kuamua.

Kuamua ni kazi ya masjala, na kutekeleza ni kazi ya TEHAMA. Akaunti inafungwa siku ya kuondoka, haifutwi. Mtumishi anatoa vyake mbele ya afisa kumbukumbu. Barua za kazi zinahamishwa kutoka kwenye jina la mtu kwenda kwenye namba ya jalada la shughuli: mradi wa maji kwenye la maji, fidia kwenye la fidia. Zinahamishwa zikiwa barua kamili, na tarehe, saa na majina ya waliopokea, si picha ya skrini. Faili la PST kwenye kompyuta linatafutwa kabla fundi hajagusa kitufe cha kufomati. Nakala inafunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na mtu anasoma barua tatu nne, hasa zenye viambatanisho, kuhakikisha hazikuharibika njiani. Inaangaliwa kama kuna kesi, hoja ya ukaguzi au uchunguzi wa TAKUKURU unaohusu mambo yale. Ukiwepo, hakuna kinachoguswa mpaka uishe. Muda uliowekwa na mwongozo ukifika, inaandikwa orodha ya vinavyoteketezwa, anasaini wa masjala, anasaini wa TEHAMA, anaidhinisha Mkurugenzi, na orodha hiyo inabaki jaladani hata baada ya barua zenyewe kwenda. Hapo bofya. Futa na nakala rudufu pia, maana barua iliyofutwa kwenye seva na kubaki kwenye bakapu haijafutwa. Poindexter aliligundua hilo kwa uchungu.

Wataniambia watumishi ni wachache na masjala nyingi zina mtu mmoja anayegongea mihuri barua za likizo. Ni kweli. Lakini mtu huyohuyo ndiye anayetunza majalada ya karatasi, na hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba kwa kuwa yuko peke yake basi karatasi zichomwe kila mtumishi akihama.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa halmashauri nne, Handeni Mji, Handeni Wilaya, Korogwe Mji na Korogwe Wilaya, waanze na hati ya makabidhiano. Chini ya mhuri na funguo za kabati, ongezeni mstari mmoja: barua pepe za kazi, zimekabidhiwa masjala, tarehe, saini. Hauhitaji mzabuni wala kifungu cha bajeti. Na mpaka mstari huo utakapokuwepo, mwagizeni afisa TEHAMA wenu asifute sanduku la mtu yeyote.